Kachaguliwa vyuo viwili vya jiolojia, akonfemu kipi? Kisa cha binti wa mchimbaji wa Nyarugusu

Binti kamaliza form six PCM, matokeo yametoka Julai, Fizikia D, Kemia C, Hesabu E, divisheni ya pili ya pointi 12. Baba yake mchimbaji mdogo Nyarugusu kule Geita, ana hisa kwenye duara (shimo la kuchimba dhahabu) moja na wenzake, mama anauza vitenge Katoro. Wakaomba vyuo dirisha la kwanza, majibu yakatoka, binti kachaguliwa sehemu mbili kwa mpigo, jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na jiolojia tumizi ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima ukonfemu kimoja tu kwa ile namba wanayokutumia kwenye simu, na siku za kukonfemu ni chache. Nyumba ikagawanyika. Ndo mzee akanipigia, "mtaalamu, hebu njoo uongee na mtoto", maana kazi yangu mimi ni hayo hayo mawe, nimekaa kwenye makambi ya utafiti Kanda ya Ziwa na huyu mzee tumejuana huko huko porini.

Naeleza kisa chote (majina nimeacha, wenyewe wameridhia) kwa sababu kila msimu wa udahili napigiwa simu za hivi, na watu wote wanauliza swali moja, chuo gani kizuri cha jiolojia. Mi siwezi kulijibu mpaka nijue mtoto ni wa namna gani, anataka kufanya kazi gani, na pesa ya nyumbani inatoka wapi na inakata mwezi gani.

Hali ilivyokuwa ni hivi. Anko yake wa Mwanza anasema Mlimani, yan hicho cha Dar, na hataki kusikia kingine, jina la chuo ndo linalofungua milango. Mama anataka Dodoma kwa sababu akipanda basi asubuhi anafika kumuona mwanae bila kwenda kulala Dar kwa watu. Mzee yeye hataki jiolojia kabisa, alitaka mtoto awe injinia wa migodi, na uinjinia binti aliomba pia ila hakuchaguliwa, sa mzee anaona bora asubiri mwaka mwingine. Binti mwenyewe kakaa kimya kwenye kigoda anasikiliza. Hakuna aliyemuuliza.

Nikaanza na yeye. Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini jiolojia, si ungeenda ualimu wa sayansi au maabara ya hospitali, ajira za kule zinaeleweka. Akanijibu hivi. Kasema duara la baba walikuwa wanafuata mwamba wa kwatzi wenye dhahabu, wamefika mita 40 hivi mwamba ukakata ghafla, mbele yake wakakuta udongo laini wa kijivu na mawe yaliyosagika, wenzake baba wakaendelea kuchimba mbele moja kwa moja miezi kadhaa wakaambulia kifusi kitupu. Yeye likizo akaomba kushuka. Na mnajua kule bado wapo wanaoamini mwanamke akiingia duarani dhahabu inakimbia, wakakataa, baba yake akamshusha alfajiri wenzake hawajafika. Akamulika ukuta kwa tochi akakuta umelainika unang'aa kidogo na una mistari mistari kama umekwanguliwa. "Anko, ile mistari imelala, haijasimama. Si maana yake jiwe limesukumwa pembeni? Sa kwa nini wanachimba mbele?"

Nikamwangalia mzee, mzee akatazama chini. Huyu mtoto hajasoma darasa hata moja la miundo ya miamba na kaiona folti, yan mpasuko ambao miamba imepishana, halafu kaona na upande iliposogea, kitu ambacho kuna watu wana digrii ukiwaweka mbele ya ukuta ule ule watakuambia tu "hapa pamevunjika". Mistari ile ndo alama ya msuguano pale vipande viwili vya mwamba vilipopishana, ikiwa imelala basi vimepishana kwa ubavu, na mwamba wa dhahabu unautafuta kushoto au kulia, mbele utachimba mpaka uchoke. Kwangu hoja ya kusubiri mwaka mzima kwa ajili ya uinjinia ikafa pale pale.

Ila mzee ana haki ya kuelezwa vizuri, kwa hiyo tukaliongea. Injinia wa migodi anapanga namna ya kulitoa jiwe, njia ipite wapi, baruti kiasi gani, ukuta usimame kwa pembe gani usiue watu. Mwanajiolojia anasema jiwe lipo wapi, limelalaje, lina gramu ngapi kwa tani na linaishia wapi. Wanafanya kazi kila siku pamoja lakini ni fani mbili. Na hapa kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi, digrii ya sayansi ya jiolojia haikupi uinjinia wa kusajiliwa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi), kwa hiyo kama nyumbani wanaota mtoto aitwe Injinia fulani, waambiwe mapema wasije wakashtuka mwaka wa nne. Mzee akauliza, "na mshahara?" Nikamwambia migodini wote wanakula, tofauti inakuja kwa uzoefu na kwa kazi yenyewe zaidi ya jina la digrii. Akanyamaza, hajaridhika sana ila akanyamaza.

Kuhusu sifa za kuingia sitakaa sana. Kiwango cha chini cha TCU kwa form six ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, yeye kwa C na D ana 5, kapita. Kila kozi ina masharti yake juu ya hapo, masomo gani yanahesabiwa, na kukidhi masharti hakumaanishi utachaguliwa maana wanaoomba ni wengi. Kitabu cha mwongozo cha TCU kipo bure, msome mstari wa kozi yenyewe, msisome jina la chuo tu. Angalia pia miaka, maana kuna digrii za miaka 3 na za miaka 4, na angalia jina la kozi, ndo naenda huko sasa.

Jina la kozi linabeba mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Kuna jiolojia yenyewe, kuna jiolojia tumizi, kuna jiolojia ya uhandisi inayoegemea kwenye mabwawa, barabara na misingi ya majengo, kuna jiolojia ya mafuta na gesi, kuna jiofizikia. Ushauri wangu kwa digrii ya kwanza ni ule ule, chukua pana, ubobezi utaufanya baadaye. Nimewaona vijana wa kipindi kile gesi ya bahari kuu ya Lindi na Mtwara ilipokuwa inagunduliwa kuanzia 2010, kila mtu anataka petroli, yan hiyo jiolojia ya mafuta na gesi, mpaka matangazo ya vyuo yalikuwa petroli tupu. Ule mradi wa kusindika gesi Lindi tumeusikia kwa zaidi ya miaka kumi na bado mazungumzo. Waliosoma jiolojia pana wakageukia dhahabu, wakageukia visima vya maji, wakageukia grafaiti kule Mahenge na nikeli ya Kabanga. Waliosoma petroli peke yake wengine walikaa nyumbani muda mrefu wakisubiri. Na dhahabu nayo ina misimu yake, 2017 sheria zilipobadilika na makinikia (mchanga wenye madini) yakazuiwa kusafirishwa nje, kampuni nyingi za utafiti zilipunguza kazi, makambi yakafungwa, watu wakarudi mjini. Mtu mwenye msingi mpana ndo anavuka vipindi hivyo. Kwa hiyo kwa upande huu vyuo vyote viwili alivyopata vilikuwa sawa, jiolojia na jiolojia tumizi zote zinampa msingi anaoutaka.

Sa tuje kwenye chuo chenyewe. Mimi chuo cha jiolojia nakipima kwa fildi kwanza, yan mafunzo ya nje kwenye mawe yenyewe. Jengo zuri, wifi, jina kwenye orodha za dunia, hayo baadaye. Jiolojia haifundishiki ukutani. Unaweza kumchorea mtoto mkunjo wa miamba kwenye projekta mpaka jioni, atajibu mtihani, atapata A, halafu umpeleke kwenye kilima chenye mkunjo huo huo asiuone kwa sababu kule kuna nyasi, kuna udongo, kuna mbuzi, jiwe limejitokeza hapa mita mbili na pale mita tano na katikati hakuna kitu, na yeye ndo anatakiwa kuunganisha. Fildi ya kweli ni hii, unapewa ramani ya topografia na eneo lako, dira yenye klinometa (kipimo cha jiwe limelala kiasi gani), nyundo, lenzi ya mkononi ya mara 10, kichupa cha asidi kwa ajili ya chokaa, GPS na daftari. Unatembea. Kila jiwe lililojitokeza unapima linaelekea wapi na limelala digrii ngapi, unavunja kona upate uso mpya ambao haujachakaa kwa jua na mvua, unalowesha, unaweka lenzi jichoni (jichoni kabisa, siyo mkono mrefu kama unasoma gazeti), unaandika unachokiona kabla hujaandika unachokifikiria. Jioni kambini unaingiza vipimo kwenye ramani kwa penseli na kesho unarudi kwenye sehemu ambayo haikuingia akilini. Baada ya wiki kadhaa za hivyo mtu anabadilika, anaanza kuiona ardhi kwa ndani.

Nikampa binti mtihani mdogo hapo hapo sebuleni. Alikuwa na kipande cha kwatzi cha duarani chenye vitu vya njano vinavyometa, kila mgeni akija nyumbani anaonyeshwa kuwa ni dhahabu. Nikampa lenzi. Akaangalia, nikamuuliza unaona nini, akasema vina pande, kama visanduku vidogo. Nikampa sindano nikamwambia vibonyeze, vikapasuka vikawa unga. Nikamwambia sugua kidogo kwenye kipande cha kigae upande usiong'arishwa, ikatoka alama nyeusi yenye ukijani. Hiyo ni pairaiti, madini yanayofanana na dhahabu kwa macho. Dhahabu ingebonyea bila kupasuka na ingeacha alama ya njano. Kisha kwenye ufa wa jiwe lile lile, nyuma, palikuwa na kitone kimoja kidogo sana hakina pande yoyote, akakibonyeza kikabaki na alama ya sindano. Akacheka peke yake. Mama mtu akauliza mmepata nini.

Kwa hiyo tukakaa na simu, nikamwambia tutafute wanafunzi wa mwaka wa pili na wa mwisho wa vyuo vyote viwili, na waliomaliza karibuni, tuwaulize. Hili mtu yeyote anaweza, vijana wapo kwenye magrupu ya WhatsApp na wanajibu vizuri ukiuliza kwa adabu. Usiulize "chuo kizuri?", kila mtu atatetea chuo chake. Uliza fildi ya ramani ipo mwaka gani, inakaa muda gani, wanalala wapi, nani analipia usafiri. Uliza kama ile ramani ya mwisho kila mwanafunzi anafanya eneo lake au wanawekwa kundi la watu wengi, maana kwenye kundi kubwa wawili wanapima na wengine wanabeba maji. Uliza kuhusu mikroskopu za miamba, jiwe linakatwa na kusagwa mpaka unene wa milimita 0.03 mwanga upite ndani yake uone madini yalivyoshikana, sa ile mashine ya kusagia inafanya kazi leo au imefunikwa turubai? Mikroskopu moja wanashea wangapi? Uliza mhadhiri wa miundo ya miamba ni nani na anafanya utafiti wapi, kwa sababu mhadhiri mwenye mradi wake anabeba wanafunzi kwenda nao. Uliza programu za kompyuta, QGIS ni ya bure hakuna chuo chenye kisingizio. Na uliza PT, yan mafunzo kwa vitendo, chuo kinakusaidia kupata nafasi mgodini au kinakupa barua tu uzunguke nayo mwenyewe.

Majibu yalikuwa ya mchanganyiko, kila upande una wanaosifia na wanaolalamika, sitayaweka hapa ya nani kasema nini kuhusu chuo gani kwa sababu ni maneno ya wanafunzi wachache na mwaka kwa mwaka mambo yanabadilika. Kilichosaidia ni kwamba binti baada ya kuongea nao alianza kuuliza maswali ambayo mimi sikumfundisha. Alimuuliza dada mmoja wa mwaka wa mwisho, kambini wasichana mlikuwa wangapi na mlilala wapi, choo kilikuwaje. Swali la maana sana hilo. Wazazi wake walikuwa nalo moyoni wote wawili, mzee hasa, binti porini wiki nzima na wanaume. Yule dada akamjibu kwa kirefu, mahema ya wasichana peke yao, mwalimu wa kike alikuwepo, wanatembea wawili wawili na zaidi, hakuna kwenda eneo peke yako. Mama alikuwa anasikiliza spika. Nadhani simu ile ilifanya kazi kubwa kuliko maneno yangu yote ya siku ile.

Sasa Dar au Dodoma.

Mlimani kwa jiolojia ina uzito ambao hauwezi kubishana nao. Kwa muda mrefu ndo ilikuwa chuo kikuu pekee nchini cha kusomea fani hii, kwa hiyo ukienda mgodi wowote, wizarani, kwenye kampuni za utafiti, wazee wenye maamuzi wengi wamepita pale. Mtandao huo ni mtaji. Ofisi nyingi za kampuni za nje zipo Dar, na kwa anayeutaka upande wa gesi, miamba ya pwani ipo jirani. Anko wa Mwanza hakuwa anaongea hewani.

UDOM ni ya 2007, bado changa. Lakini angalia ipo wapi. Dodoma imekaa juu ya kratoni ya Tanzania, yan kipande cha kale cha ganda la dunia kilichotulia, miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, graniti imejitokeza kila upande, yale mawe makubwa ya mviringo mnayoyaona mkipita kwa basi. Mwanafunzi mwenye nia akitoka darasani saa 9 anachukua nyundo yake anapanda kilima kwa miguu, hahitaji bajeti ya chuo kwa hilo. Ukanda wa dhahabu wa kwao Geita nao umo kwenye kratoni hiyo hiyo, ukishaelewa graniti ya Dodoma unaelewa nusu ya majirani wa dhahabu ya nyumbani. Halafu GST, yan Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, makao yake makuu ni Dodoma, tena tangu enzi za mkoloni, ndo wenye zile ramani za kijiolojia za nchi tunazoziita QDS ambazo kila mtafiti anaanza nazo. Tume ya Madini ipo Dodoma. Wizara ipo Dodoma. Kwa mtoto anayejua kubisha hodi, PT na hata utafiti wa mwaka wa mwisho unaweza kuuanzia hapo hapo mjini bila nauli kubwa.

Halafu pesa, na hapa ndo kisa kilipoamuliwa kwa kweli. Udahili unakonfemiwa kabla majibu ya mkopo hayajatoka, Bodi ya Mikopo inatoa orodha zake baadaye, mara nyingi Oktoba kwenye kufungua chuo. Maana yake unachagua chuo huku hujui kama umepata asilimia mia, nusu au umekosa. Nikawaambia pigeni hesabu ya mwaka mzima kama vile mkopo umekuja nusu. Ada, malazi, chakula, nauli, laptopu, buti, na fildi. Bumu la chakula na malazi lilipandishwa kuwa 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, kwa Dar ukikosa hosteli ukapanga Sinza au Ubungo, hiyo 10,000 inaisha kabla hujala jioni. UDOM vitanda vya ndani ya chuo ni vingi na wengi wanapata. Kipato cha mzee ni cha duara, mwezi huu kipo miezi mitatu hakipo, na mwamba wenyewe umekata. Mama vitenge vinaenda kwa msimu wa mavuno. Nyumba ya namna hii haitakiwi kuweka mtoto kwenye mji ambao pesa ikichelewa wiki mbili anatolewa nje na mwenye nyumba. Na mkopo wa mafunzo kwa vitendo upo kwenye vipengele vya Bodi lakini kwa aliyepata nusu hautoshi, na mwanafunzi wa jiolojia aliyekosa hela ya fildi anapoteza kile hasa alichokifuata chuoni.

Akatokea na mtu wa tatu kwenye mazungumzo, jirani, analeta habari za wakala anayepeleka watoto nje, jiolojia ya huko eti bei poa na unapewa viza. Sikutaka tupoteze muda. Shahada ya nje inatakiwa itambuliwe na TCU, wakala anatakiwa awe amesajiliwa, muulizeni namba yake ya usajili, na hata kama vyote vipo, huyu mtoto anataka kufanya kazi kwenye dhahabu ya Ziwa, atajifunza miamba ya nani huko na PT ataifanyia wapi?

Njia ya diploma nilitaka waijue vizuri kwa sababu wengi wanaidharau. Chuo cha Madini Dodoma kimefundisha kwa miaka mingi jiolojia na utafutaji wa madini kwa ngazi ya diploma, na eneo la mgodi wa zamani wa Golden Pride pale Nzega, ule uliofungwa, walipewa wao kwa mafunzo, sasa niambie digrii gani inampa mtoto mgodi wa kuchezea. Mafundi sampuli na wasaidizi wa jiolojia wengi waliobobea kwenye makambi wametokea pale, na ukimaliza na GPA ya 3.0 unaweza kuomba digrii. Mikopo ya diploma nayo ilianza 2023/24 kwa fani za kipaumbele na madini yamo. Kama binti angekuwa amekosa vyuo vyote viwili, ningemwambia aende huko mwaka huo huo bila kusubiri. Kwa kuwa kapata digrii moja kwa moja, tukaiacha, ila nimemuambia mdogo wake wa form four aitazame.

Mzee akaniuliza waziwazi, wewe ungekuwa ni mwanao? Nikamwambia Dodoma. Angekuwa na mkopo kamili mkononi, ana ndugu wa kukaa naye Dar, na anaipenda gesi au anataka kuja kuwa mtafiti wa chuo, ningesema Mlimani bila kusita. Kwa huyu, mwenye kipato cha nyumbani kinachokatika, anayeupenda mwamba wa dhahabu, na mwenye miguu ya kutembea, naona Dodoma itampa siku nyingi zaidi kwenye mawe na wasiwasi mdogo zaidi wa kodi. Anko wa Mwanza kwenye simu hakukubali. Kasema tunamzibia mtoto nyota. Nikamjibu kwa heshima kwamba jina la chuo linakufikisha kwenye mlango wa usaili, ukishaingia ndani unapewa boksi la koa, yale mawe marefu ya mviringo kama bomba yanayotoka kwenye drili, unaambiwa soma, na pale hawaulizi umetoka wapi. Bado hakukubali, na sidhani kama amekubali mpaka leo.

Binti mwenyewe akasema anataka alale nalo. Asubuhi akanitumia meseji ndefu, kaandika sababu zake mwenyewe, ya kwanza haikuwa pesa wala GST, ilikuwa kwamba Dodoma kuja nyumbani likizo fupi inawezekana na anataka kila akija ashuke duarani na dira. Akakonfemu UDOM siku moja kabla dirisha halijafungwa. Nikamkumbusha apige picha ya ukurasa wa uthibitisho na aitunze, maana mtandao huwa unazidiwa siku za mwisho na kuna watoto wanadhani wamekonfemu kumbe bado.

Mkopo ulipotoka Oktoba ukaja pungufu, kama tulivyohofia. Wakakata rufaa dirisha la rufaa lilipofunguliwa, wakaambatanisha barua ya serikali ya kijiji kuhusu kipato cha mzee, wakati huo mama alishaanza kutenga hela ya fildi kila siku ya gulio kwenye laini ya simu ambayo namba ya siri anayo binti peke yake. Lenzi nimempa ya kwangu ya zamani, dira ataazima ya chuo mpaka mwaka wa pili, zile nzuri ni ghali na za bei rahisi zinadanganya. Na mzee kakubaliana na wenzake wasimamishe kuchimba mbele, wafungue njia ndogo upande wa kushoto mita chache kwanza, kwa kufuata mistari ile, halafu sampuli za kila mita ziwekwe kwenye mifuko zenye namba mpaka binti arudi Desemba.